Kwa Nini Tatu?

Kuuliza si ujinga, lakini kuulizwa mbele ya watu ukakosa jibu, hilo lina uchungu wake. Mimi yalinifika muhula wa kwanza, siku ya Ijumaa, mbele ya Chama cha Kiswahili kizima, na waliokuwapo wanayakumbuka vizuri kuliko nipendavyo. Mhariri aliponiomba insha ya jarida hili, sikuitafuta mada mbali. Nina deni. Aliyeniuliza hulala bweni la pili kutoka letu, na haya ndiyo majibu yake.

Kwa wasioijua desturi yetu: kila Ijumaa baada ya masomo ya alasiri, mwanachama mmoja husimama na kuzungumza dakika kumi juu ya jambo lolote, kwa Kiswahili kitupu. Neno moja la Kiingereza ni faini ya shilingi tano, na mweka hazina wetu hutega masikio kama askari wa trafiki. Wenzangu huzungumzia ukame, madhara ya dawa za kulevya na umuhimu wa kumsomesha mtoto wa kike. Ni mada nzuri, lakini jamani, tumezisikia mpaka tunaweza kuzimalizia mzungumzaji akikohoa. Zamu yangu ilipofika niliandika ubaoni kwa herufi kubwa: MAKUTANO YA TANDO NA UMBO LA ANGA.

"Tando za buibui?" akauliza mmoja kutoka nyuma, ukumbi ukaangua kicheko.

Nilikuwa na sababu yangu, na sikuisema siku hiyo. Kaka yangu alisoma fizikia chuo kikuu hadi mwaka wa tatu. Baba alipougua, pesa za karo zikawa pesa za dawa, naye kaka akarudi nyumbani kwa muhula mmoja tu, ati. Huu sasa ni mwaka wa tatu anaendesha kinu cha posho pale sokoni kwetu. Chini ya kitanda chake mna sanduku la bati lenye karatasi. Halifungui, wala hataki karatasi yake hata moja iwashie moto. Likizo ya Desemba nililifungua bila ruhusa (Kaka, ukisoma hapa, nisamehe). Ndani nikakuta kurasa chache zilizopigwa chapa kwa mashine ya fotokopi, makala ya mwaka wa 1996 ya Papadopoulos na Townsend wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Kiingereza chake nilikielewa nusu, hesabu zake sikuzielewa kabisa. Lakini pembeni, kwa penseli, palikuwa na mwandiko wa kaka: "Kwa nini tatu?" Basi. Chini yake hapakuwa na jibu.

Nilidhani nikilisimulia jambo lile chamani, nitakuwa nimemjibia kaka swali lake bila yeye kujua. Ujana huu!

Nilianza vizuri, nisijisifu. Nilisema kwamba tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililoko baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya Kimarekani ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani. Kwa kuwa siku ile ilikuwa sikukuu ya uhuru wetu, ikaitwa Uhuru. Setilaiti hiyo ilikichunguza kitu kiitwacho Cygnus X-1, na uchunguzi wake ukawa miongoni mwa mambo yaliyowafanya wataalamu waamini kwamba hapo pana shimo jeusi, mahali ambapo uvutano umezidi hata mwanga hautoki. Wasichana walipiga makofi. Neno la Kiswahili lilikwenda angani kabla hatujazaliwa, na wengi wetu hatukuwa tukijua.

Nikaendelea na umbo la anga. Kila mtu wa kidato cha pili anaijua kanuni ya Pithagora: ukienda hatua tatu mashariki na hatua nne kaskazini, uko hatua tano kutoka ulikoanzia, maana tisa na kumi na sita ni ishirini na tano. Einstein alisema mwaka wa 1915 kwamba kanuni hiyo ni ya mahali patupu. Penye kitu kizito, kila upande wa ile pembetatu lazima kwanza uzidishwe kwa namba fulani, na namba hiyo hubadilika kulingana na mahali uliposimama. Hatua ya hapa si ndefu sawa na hatua ya pale. Wakati nao una namba yake, ndiyo maana saa mbili nzuri zilizowekwa mahali tofauti haziendi sawa. Namba hizo zote kwa pamoja ndizo tunazoziita umbo la anga na wakati. Tarehe 29 Mei 1919, jua lilipopatwa, Mwingereza Eddington alikwenda kisiwa cha Principe, upande wa magharibi wa Afrika yetu hii, akapima jinsi mwanga wa nyota unavyopinda ukipita karibu na jua.

Hapo bado tuko na mielekeo tunayoijua: mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini, na wakati ukiwa wa nne. Lakini mwaka uo huo wa 1919 Mjerumani Theodor Kaluza alimwandikia Einstein akipendekeza mwelekeo mmoja zaidi, na mwaka wa 1926 Oskar Klein wa Uswidi akaeleza kwa nini hatuuoni: umekunjwa mno. Mkeka ulioviringishwa, ukiuona kwa mbali kichwani pa mtu, ni kama fimbo tu. Una urefu na basi. Sisimizi anayetembea juu yake ndiye anayejua kwamba kuna pia kuzunguka. Mwaka wa 1978 Cremmer, Julia na Scherk, watu wa Paris, waliandika nadharia ya uvutano yenye mielekeo kumi na mmoja, kumi ya anga na mmoja wa wakati.

Katika nadharia hiyo vitu vya msingi si nukta kama punje ya mchanga. Ni tando. Wazungu walilichukua neno lao lenye maana ya utando wakalikata kichwa, wakabakiza "breni". Nilipolitamka hilo mweka hazina aliinua kalamu, lakini mwalimu mlezi akaamua kwamba neno lililokatwa kichwa halilipi. Utando mmoja una mielekeo miwili, kama kanga iliyotandikwa kitandani. Upo na wenye mielekeo mitano, ambao sikujaribu hata kuuchora.

Sasa tando hizi hukutanaje? Humu chumbani, ukuta na sakafu hukutana kwenye mstari, hakuna njia nyingine. Lakini penye mielekeo kumi nafasi ni tele. Utando wa kwanza unachukua mwelekeo wa 1 na wa 2, wa pili unachukua wa 3 na wa 4, nazo zikakutana kwenye nukta moja tu. Wa tatu unachukua wa 5 na wa 6. Mielekeo minne imebaki bila mwenyewe. Majibu ya milinganyo yenye sura hiyo aliyapata Mturuki Rahmi Güven mwaka wa 1992. Ni wale wawili wa Cambridge waliotambua mwaka wa 1996 kwamba hicho si kitu kimoja kigeni, bali ni tando mbili au tatu za kawaida zilizokatana. Mwaka uo huo Tseytlin akaonyesha kwamba kila utando katika makutano hayo huja na namba zake mwenyewe, na ukitaka umbo la jumla unazizidisha tu kwa utaratibu. Zikikutana tatu, nikasema kwa sauti ya ushindi, na ile mielekeo sita ikunjwe kama mkeka, kinachoonekana kwa nje ni shimo jeusi!

"Kwa nini tatu?" akauliza yule dada wa bweni la pili. "Mbili zina kasoro gani?"

Wasomaji, nilihisi kama mtu aliyepiga hatua gizani akidhani kuna ngazi. Swali lilikuwa lile lile la penseli. Nikasema, "Kwa sababu ndivyo walivyoandika." Wakacheka, na walikuwa na haki. Kisha kiranja mmoja akasema jambo lililoniuma kuliko kicheko: "Mwacheni aeleze kwa Kiingereza. Kiswahili hakiyawezi hayo." Nikaketi. Nilijua kwamba hata kwa Kiingereza nisingekuwa na la kusema. Kiswahili kilikuwa kimenifikisha mpaka mlangoni; aliyekosa ufunguo ni mimi. Lakini utamwambia nani, na kengele ya chakula imelia?

Likizo ya Aprili nilirudi nyumbani na swali hilo kifuani. Jioni moja figa moja lilipasuka jikoni kwetu, nami kwa uvivu nikajaribu kuiegemeza sufuria juu ya mawili yaliyobaki. Maji yote yakaingia motoni. Mama akaniangalia. "Mwanangu, umesoma mpaka umesahau mafiga ni matatu?" Najua mnachofikiria: kwamba hapo ndipo nilipopata jibu. La hasha. Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu, lakini hawakusema lolote juu ya tando, na mfano si hesabu. Nilichopata ni hasira, na kwa hasira nikachukua daftari.

Hebu nifuate polepole, maana hesabu yenyewe ni ya vipeo tulivyofundishwa kidato cha pili. Kila utando una namba yake, tuiite H. Ukiwa mbali na makutano, H ni moja, yaani utando haukusumbui. Ukikaribia, H inakua: ni moja, ujumlishe moja gawanya kwa r kipeo cha pili, ambapo r ni namba inayokuonyesha umebakiza umbali gani. (Nimechukulia kila utando una chaji ya moja, ili tusichoke.) Sasa tunataka kujua ukubwa halisi wa tufe linaloyazunguka makutano. Kanuni ni hii: zidisha H zote pamoja, tafuta kipeuo cha tatu, kisha zidisha kwa r kipeo cha pili. Utakachopata ni nusu kipenyo halisi kipeo cha pili.

Weka r iwe 0.001. H inakuwa kama milioni moja. Utando ukiwa mmoja, kipeuo cha tatu cha milioni ni 100. Zidisha kwa 0.000001, unapata 0.0001, na nusu kipenyo ni 0.01. Tando zikiwa mbili, milioni mara milioni, kipeuo chake cha tatu ni 10,000; nusu kipenyo ni 0.1. Zikiwa tatu, kipeuo cha tatu ni milioni kamili, na milioni mara 0.000001 ni moja. Nusu kipenyo ni 1.

Nikasogea tena, r ikawa 0.000001. Utando mmoja: 0.0001. Mbili: 0.01. Tatu: 1.

Nilirudia mara nne kwa mwanga wa koroboi. Mmoja na mbili zilizidi kunywea kadiri nilivyokaribia, mwishowe zitakuwa sifuri, yaani nukta isiyo na ukubwa. Tatu hazikutikisika. Ukiziandika kwa vipeo unaona sababu wazi: utando mmoja unakuachia r kipeo cha nne kwa tatu, mbili zinakuachia r kipeo cha mbili kwa tatu, na tatu zinakuachia r kipeo cha sifuri. Kitu chochote kipeo cha sifuri ni moja. Sikulala vizuri usiku huo, na haikuwa kwa sababu ya mbu.

Asubuhi nilikwenda kinuni na daftari langu. Siku ya soko kinu hakinyamazi. Foleni ya madebe ilikuwa imefika nje, na kaka alikuwa mweupe kwa unga mpaka kope. Nilingoja mpaka belti ilipokatika, kama kawaida yake, akazima mashine. Nikampa daftari bila kusema kitu. Aliupangusa mkono wake kwenye aproni, akasoma. Akarudi mwanzo, akasoma tena.

"Ulifungua sanduku langu," akasema.

"Ndiyo, Kaka."

Nilingoja nigombezwe. Badala yake alikaa juu ya gunia akaanza kuzungumza, na ni miaka miwili sikuwa nimemsikia akisema sentensi zaidi ya tatu mfululizo. Akaniuliza kama najua kwa nini ukubwa huo una maana. Nikasema sijui. Akasema mpaka wa shimo jeusi, ule ambao ukishauvuka hurudi, wenyewe huuita upeo. Na kwamba Bekenstein mwanzoni mwa miaka ya sabini, kisha Hawking mwaka wa 1974, walionyesha kuwa eneo la upeo, likigawanywa kwa nne katika vipimo vyao, ni kipimo cha mambo yaliyofichika ndani, yaani logi ya idadi ya namna ambazo shimo hilo laweza kupangwa bila wewe wa nje kutambua tofauti. Eneo likiwa sifuri, kanuni hiyo inakupa sifuri tu. "Ndiyo sababu mbili hazitoshi," akasema. Mwaka wa 1996, mwezi wa Januari, Strominger na Vafa walizihesabu namna hizo moja kwa moja, kwa kutumia tando, katika shimo la mielekeo mitano. Logi ya jibu lao ikalingana na eneo gawanya kwa nne. Kabla yao watu waliamini tu kwamba kuna kitu ndani cha kuhesabiwa; hakuna aliyekuwa amehesabu.

Nikamuuliza kama tando zenyewe zimewahi kuonekana. "Hapana," akasema. Hakuna chombo kilichouona utando wa namna hiyo, wala jaribio lililoonyesha ule mwelekeo wa tano, sembuse wa kumi na mmoja. Hata hilo shimo lao si la kutafutwa angani kama Cygnus X-1. Ni kama mtihani wa nadharia, alisema, na nadharia ilipita swali moja gumu. Aliyasema hayo bila huzuni, kama mtu anayekupa bei ya unga.

Kisha akaligeuza daftari. "Umefanya vizuri, lakini umesahau kitu. Hii mielekeo sita uliyoikunja je? Ukikaribia inakuwaje?"

Sikuwa nimeiwazia. Kaka akaangalia huku na huku, akachukua kipande cha chaki anachoandikia madeni. Ukuta wa kinu chetu ni daftari la soko zima: nani anadaiwa kusagiwa gorogoro ngapi. Akapata nafasi tupu chini ya madeni ya mwezi wa Machi. Kila utando, akasema akiandika, huibana mielekeo yake miwili na kuivuta ya wenzake. Ukiwa peke yake, miwili yake hunywea ikaisha, na mingine minne hutanuka bila kikomo. Anga lote linaharibika. Kwa tatu, kila mwelekeo una mwenyewe mmoja anayeubana na wageni wawili wanaouvuta. Mwenyewe hubana kwa H kipeo cha hasi mbili kwa tatu. Kila mgeni huvuta kwa H kipeo cha moja kwa tatu. Akaandika hasi mbili kwa tatu, jumlisha moja kwa tatu, jumlisha moja kwa tatu, akaweka alama ya usawa, akanipa chaki.

Nikaandika sifuri.

Alisimama akiitazama ile sifuri, unga kwenye kope. Nyuma yetu watu walianza kunung'unika, belti haijafungwa na jua limepanda. Nyanya mmoja aliyekuwa mbele ya foleni na debe lake alikuwa amezifuata zile namba muda wote kwa makini, mdomo umekunjwa.

"Mjukuu wangu," akamwambia kaka, akiuonyesha ukuta kwa fimbo, "hayo ya mwisho ni madeni yangu?"

"Hapana, nyanya," kaka akasema, akichukua spana. "Hapo hudaiwi kitu."